PO-33 K.O!: sampla ya mfukoni kwa masikio ya Uswahilini

Anayeiona PO-33 K.O! kwa mara ya kwanza hudhani ni kikokotoo ambacho fundi alikivua ganda akasahau kulirudishia. Ni bodi ya saketi tupu, nyembamba, inayoenea kiganjani, yenye vitufe 23 vya kubonyeza na viwili vya kuzungusha vilivyoandikwa A na B. Ina kioo kidogo cha rangi moja cha mtindo wa Game & Watch, ile michezo ya mkononi ambayo Nintendo ilianza kuiuza mwaka 1980, na mgongoni ina spika ndogo, nafasi ya betri mbili za rimoti, na waya mgumu unaokunjuka ili mashine isimame mezani. Kazi yake inaelezeka kwa sentensi moja: hurekodi sauti yoyote iliyo karibu nayo, huikatakata, kisha humwachia mtumiaji avipange vipande hivyo kuwa mdundo. Baada ya kukaa nayo kwa muda mrefu, hukumu yangu ni kwamba masikio ya mashine hii ni bora kuliko hesabu yake na kumbukumbu yake, na anayetaka kuinunua ajue tangu mwanzo kwamba analipia masikio.

Watengenezaji wake ni Teenage Engineering, kampuni ya Stockholm nchini Uswidi, ambayo wapenzi wa vifaa vya muziki waliifahamu kupitia OP-1, kinanda cha mwaka 2011 kilichosifiwa kwa umbo na kulalamikiwa kwa bei. Hata wasiofuatilia muziki huenda wameiona kazi ya kampuni hiyohiyo kwenye simu za Nothing, zile zenye mgongo unaoonyesha vya ndani, kwa kuwa ilishiriki kuzisanifu zilipoanza. Mwaka 2015, ikishirikiana na kampuni ya mavazi ya Cheap Monday, ilitoa mashine tatu za kwanza za familia inayoitwa Pocket Operator, na bei ilishuka kwa sababu kila kisichochangia sauti kiliondolewa: hakuna kasha, hakuna swichi ya kuwasha na kuzima, hakuna betri ya kuchaji. PO-33 ilifuata mwaka 2018 kwa dola 89 za Marekani, ikiwa ndiyo sampla, yaani mashine ya kurekodi na kukata sauti, ya familia hiyo.

Wazo la kupiga muziki kwa kifaa cha bei ndogo si geni hata kidogo Dar es Salaam. Mchiriku, muziki uliokulia kwenye sherehe za mitaani, ulijengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo kiwandani vilikusudiwa wanafunzi na watoto. Huku vikaunganishwa na vipaza sauti vilivyochoka hadi sauti ikapasuka, na mpasuko huo ukawa ndiyo ladha yenyewe. Singeli, iliyotokea mitaa kama Manzese na Tandale, ilifanya jambo la namna hiyo kwa kompyuta: vipande vya taarabu na mchiriku vilizungushwa na kuharakishwa hadi mapigo yakapita 200 kwa dakika. Kwa hiyo sikuhitaji kujiuliza kama kichezeo kinaweza kuwa ala, kwa kuwa mtaa ulishalijibu swali hilo zamani. Nilichotaka kujua ni kama kichezeo hiki kinatufaa sisi, kwa sauti zetu na kwa midundo yetu.

Naanza na masikio. Kurekodi ni kushikilia kitufe cha kurekodi pamoja na namba mojawapo kati ya 1 na 16, na kuachia sauti inapokwisha. Hakuna menyu, hakuna kulipa faili jina, hakuna kuulizwa kama una uhakika. Ndiyo maana mashine hunasa mambo ambayo simu huyakosa, kwani hadi uifungue simu, uitafute programu na uondoe arifa zilizojipanga kwenye kioo, konda ameshagonga bodi na daladala imeondoka. Nilimwendea muuza kahawa mmoja wa Kariakoo, nikamwambia, “Shikamoo mzee, naomba nirekodi vikombe vyako.” Akajibu, “Marahaba. Rekodi, lakini kunywa kwanza.” Basi nikanywa, naye akavigonganisha vile vikombe kwa mkono mmoja kama wafanyavyo wauza kahawa wote wa pwani, na kabla kashata haijaniishia mdomoni nilikuwa na mdundo mzima ndani ya kifaa.

Namba 9 hadi 16 zimetengwa kwa ajili ya ngoma, na hapo ndipo ustadi wa mashine unapoonekana zaidi. Ukirekodi humo mfululizo wa sauti zilizoachana, mashine hutafuta pale kila sauti inapoanzia na kuzigawa yenyewe kwenye vitufe. Vikombe vya yule mzee viligawanyika vizuri sana kwa kuwa kila mgongano una mwanzo mkali: kitufe cha kwanza kilishika mgongano mzito, cha pili kikashika ule mwepesi unaoufuata, cha tatu kikabaki na mwangwi mfupi uliobeba kelele za barabarani. Mbuzi ya kukunia nazi haikukubali kirahisi hivyo. Mkwaruzo wake huanza polepole na kukua, kwa hiyo vipande vingi vilianzia katikati ya mkwaruzo na ikabidi nivirekebishe kwa mkono. Marekebisho hayo hufanywa kwenye ukurasa wa kukata, ambako A husogeza mwanzo wa kipande na B hubadilisha urefu wake. Ukiurudisha mwanzo hadi pale meno ya mbuzi yanapogusa nyama ya nazi, unapata sauti inayokaa mahali pa kayamba na bado ina unyevu fulani ambao kayamba haina. Sijawahi kukuta sauti ya namna hiyo kwenye mikusanyo inayouzwa tayari.

Muda wote wa kurekodi ni sekunde 40, na sekunde hizo hugawanywa kwa sauti zote 16. Zinaonekana chache, na kwa kweli ni chache, lakini inafaa kukumbuka kwamba E-mu SP-1200, sampla ya mwaka 1987 iliyobeba sehemu kubwa ya hip hop ya New York, ilikuwa na sekunde kama 10 tu. Maprodyuza wa wakati ule walizoea kuicheza santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45 ili irekodiwe haraka na kuchukua nafasi ndogo, halafu wakaishusha ndani ya mashine. Ujanja huohuo unafanya kazi hapa kupitia waya kutoka kwenye simu: cheza kipande kwa kasi maradufu, kirekodi, kisha kishushe kwa A. Sauti inayopatikana ina vumbi na ukungu, jambo ambalo kwa ngoma ni faida na kwa sauti ya mwimbaji ni hasara. Niseme pia, ingawa mashine yenyewe haitakukumbusha, kwamba kipande cha taarabu ulichokata bado kina mwenyewe, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, haipimi wizi kwa sekunde.

Namba 1 hadi 8 ni za sauti za kuimbisha. Unarekodi noti moja, na vitufe 16 vinaigawa kuwa ya juu na ya chini. Hapa niliridhika kidogo tu. Vitufe vinafuata skeli, yaani ngazi ya noti, iliyopangwa tayari kiwandani badala ya kutoa kila nusu-sauti, kwa hiyo wimbo unaotoka nje ya skeli hiyo unakulazimisha kuzungusha A na kutegemea sikio lako. Anayetaka kufuata maqamu, zile skeli za Kiarabu za taarabu, ambako ala za nyuzi za kanuni na udi hupita katikati ya noti za kinanda, ataona kwamba mlango huu haukukatwa kwa kipimo chake. Mchiriku unavumilia zaidi, kwa sababu nyimbo zake hukaa kwenye noti chache zinazorudiwa kwa kasi, na noti ya kinanda kibovu ikirekodiwa kwa maikrofoni ya PO-33 hutoka mbovu vilevile, bila kuoshwa.

Hesabu ndiyo iliyonichukulia muda mwingi kuliko vyote. Mashine ina ruwaza 16, yaani mizunguko ya mdundo, kila moja ina hatua 16, na hatua hizo zimekaa mbele yako kama mraba wa nne kwa nne. Kwa hip hop, disko na tekno hakuna tatizo, na ndiyo maana kitufe cha kasi kina vituo vitatu vilivyowekwa tayari kwa ajili ya mitindo hiyo: mapigo 80, 120 na 140 kwa dakika. Ukishikilia kitufe hicho na kuzungusha B unaweza kwenda popote kati ya 60 na 240. Singeli ya kawaida inaingia humo, ingawa ile ya vichwa ngumu, inayokaribia mapigo 300, inabaki nje ya mlango. Kwa kasi ya 240 vitufe bado vinaitika bila kusita, na vikombe vya kahawa vikirudiwa kwa kasi hiyo huacha kuwa vikombe na kuwa kitu kingine kabisa, chenye makali ambayo prodyuza wa Manzese angeyatambua mara moja.

Chakacha, ngoma ya pwani, ni kesi nyingine. Mdundo wake huenda kwa sita kwa nane, na hesabu ya sita, au ya 12, haiingii sawasawa ndani ya hatua 16. Ukiipanga kwenye ruwaza moja, zinabaki hatua nne zisizo na kazi na mzunguko unachechemea kila unaporudi mwanzo. Watengenezaji walilifikiria jambo hilo kwa kiasi. Miongoni mwa athari 16 za mashine, yaani vigeuzi vya sauti na mdundo, namba 13 hulazimisha mdundo wowote ufuate mwendo wa sita kwa nane, na inafurahisha kuishikilia kwa sekunde mbili tatu katikati ya mdundo wa nne ili wachezaji wapoteze mguu kidogo kabla hujaiachia. Lakini mdundo uliolazimishwa haufanani na uliozaliwa hivyo: mikazo huangukia mahali ambapo mpiga ngoma wa Mombasa asingeiweka, na baada ya mizunguko michache mtu aliyekulia kwenye vugo, ngoma ya harusi ya wanawake wa pwani, atakuangalia kwa huruma.

Njia iliyonifaa ni ya hesabu za darasani. Ruwaza tatu zikiunganishwa zinatoa hatua 48, na 48 ni 12 mara nne. Kwa hiyo unaweka mdundo wa hatua 12 na kuuacha uendelee kupita mpaka wa ruwaza ya kwanza kwenda ya pili na ya tatu, bila kujali kwamba mraba ulio mbele yako umekwisha. Mwishoni mwa ya tatu kila kitu kinarudi mwanzo pamoja, bila kuchechemea. Kuunganisha kwenyewe ni kushikilia kitufe cha ruwaza na kubonyeza namba kwa mfuatano unaoutaka, na mnyororo unaweza kufika ruwaza 128. Kazi ni ya kuchosha kwa sababu kioo hakikuonyeshi hatua zote 48 kwa pamoja, na utahitaji karatasi. Lakini chakacha inayopatikana ni chakacha, na gharama yake ni ruwaza tatu kati ya 16 ulizo nazo. Naona ni haki kuilaumu mashine hapa. Kumwezesha mtumiaji achague urefu wa ruwaza lingekuwa jambo dogo la programu, na lingeifungua kwa nusu ya midundo ya dunia.

Spika ya mgongoni ni ya kupimia tu. Haina besi yoyote, na ngoma nzito iliyorekodiwa vizuri husikika humo kama kidole kikigonga kopo. Ukichomeka waya wa milimita 3.5 kwenye sabufa, hata ile ya kawaida ya sebuleni, mashine hubadilika kabisa. Wenye vifaa viwili vya familia hii wanaweza kuvifunganisha viende kwa mwendo mmoja, ila wajue kwamba katika hali hiyo upande mmoja wa waya hubeba alama za kuongozea mwendo na upande mwingine ndio hubeba muziki, hivyo ukivaa hedifoni sikio moja litasikia tiki-tiki isiyokoma.

Kuhifadhi kazi ni udhaifu ambao sina namna ya kuutetea. Hakuna kadi ya kumbukumbu wala sehemu ya kuchomeka waya wa kompyuta. Ruwaza zikijaa, njia ya kuitunza kazi ni kuiagiza mashine iitoe data yake yote kama sauti, mlio wa kukereketa unaofanana na ule wa modemu za zamani, na wewe uurekodi mlio huo kwenye kompyuta, kisha siku ya kuurudisha uucheze tena kuelekea kwenye mashine. Kimsingi hii ni teknolojia ya kaseti, na ina uzuri wake wa kihandisi. Kwa matumizi ya kila siku inatia wasiwasi, kwa sababu faili likibanwa kidogo tu, kwa mfano ukimtumia mwenzako kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, data iliyomo huharibika. Lihifadhi kama WAV, muundo wa sauti usiobanwa, na usiliguse.

Kuhusu umbo, mimi ni mmoja wa wanaoupenda uchi wake. Vitufe vimeandikwa kwa maneno mafupi yanayoeleweka, kila kazi iko umbali wa vidole viwili, na hata pale mashine inapokuwa haipigi muziki kioo chake huonyesha saa, na ina kengele ya kuamshia. Lakini bodi hii ilibuniwa Stockholm. Katika joto la pwani, kwa jasho la viganja na hewa ya chumvi, kuacha saketi wazi ni kujitafutia fundi. Kasha la silikoni linalotolewa na watengenezaji huuzwa kando, na bei yake inakaribia nusu ya bei ya mashine; naliona ghali, na bado nashauri linunuliwe, kwa kuwa pamoja na kulinda huvifanya vitufe viwe vipana na laini zaidi.

Hapo ndipo tunafika kwenye fedha. Kwa mtu wa Ulaya dola 89 ni bei ya kujaribia. Kwa mtu wa Dar es Salaam, akishaongeza usafirishaji, ushuru na kasha, ni fedha zinazokaribia bei ya simu janja nzuri, na simu hiyo inaweza kuwekewa Koala Sampler, programu ya elf audio inayopatikana kwa Android na iPhone kwa dola chache sana, yenye mantiki ileile ya kubonyeza, kurekodi na kupanga, na isiyo na mipaka mingi niliyoitaja hapo juu. Prodyuza anayehitaji kumaliza wimbo na kuupeleka redioni achukue Koala au abaki na kompyuta yake. Kasoro ya simu ni kwamba nyingi za bei nafuu huichelewesha sauti kidogo baada ya kidole kugusa kioo, na kwa mdundo wa mapigo 200 kuchelewa huko hakuvumiliki. PO-33 haina tatizo hilo. Ipo pia EP-133 K.O. II ya mwaka 2023 kutoka kampuni hiyohiyo, yenye kasha, vitufe vinavyohisi nguvu ya kidole na kumbukumbu kubwa zaidi, lakini kwa bei yake ya kuanzia ya dola 299 imeshatoka kwenye mazungumzo haya.

Ningemshauri nani ainunue? Mtu anayepiga ngoma au kinanda tayari, anayetaka kuokota sauti za mtaani mwake bila kufungua kompyuta. Mwalimu anayetaka kuwafundisha watoto jinsi mdundo unavyojengwa, kwa kuwa mtoto huielewa upesi kuliko mzazi wake. Na mpenzi wa vifaa anayefurahia kuona jinsi kazi kubwa inavyobanwa ndani ya bodi ndogo. Nisingemshauri mtu ambaye bado hajawa na hedifoni nzuri au sabufa, kwa sababu fedha hizo zingemfaa zaidi huko.

Zilizotumika huuzwa kwa bei nzuri zaidi, hasa kwa wanaopata jamaa wa kuwaletea kutoka Ulaya au Ghuba, na kuna mambo ya kukagua kabla ya kulipa. Washa kioo na uangalie kama alama zake zote zinatokea. Zungusha A na B polepole ukisikiliza kama sauti inaruka. Fungua nyuma uone kama betri zilizoachwa muda mrefu hazijavuja kutu kwenye vyuma vyake. Mwisho, tafuta kile kipande kidogo cha bodi kilichotengenezwa makusudi kivunjike ili kuzifunga sauti na ruwaza zisifutwe tena, mfano wa yale masikio ya kaseti tuliyokuwa tukiyavunja na baadaye kuyazibia karatasi tukitaka kurekodi upya. Kikiwa kimeshavunjwa, karatasi haitasaidia: mashine itacheza alichokiacha mwenyewe wa kwanza na haitarekodi chako hadi fundi aziunganishe upya ncha zake kwa risasi, na gharama ya fundi huyo ikatwe kwenye bei.